Mimba baada ya miaka 35: Vipimo ambavyo mama hafai kupuuza

Na MWANDISHI WETU

KABLA ya jua kuchomoza, shughuli huwa zimeshamiri katika vichinjio vya mbuzi vya Kiamaiko, mtaa ulio katika eneo bunge la Mathare jijini Nairobi. Malori yaliyosafiri usiku kucha kutoka kaskazini mwa nchi hushusha mifugo, wachinjaji wakanoa visu vyao, nao akina mama wakasubiri zamu ya kununua matumbo, vichwa na miguu ya kwenda kuuza Huruma, Kariobangi na mitaa jirani.

Tuchukulie kwamba miongoni mwa akina mama hao yupo mmoja mwenye umri wa miaka 41. Watoto wake watatu ni wakubwa, na yule aliyedhaniwa kuwa kitinda mimba anasoma gredi ya sita. Hedhi inapokosekana miezi miwili mfululizo, anajiambia kwamba ukomo wa hedhi umefika mapema. Anapopimwa mkojo, anaambiwa kwamba ni mjamzito.

Mama huyo ni wa mfano tu, lakini maswali yatakayomkosesha usingizi ni ya kweli, na huulizwa kila siku katika kliniki za Eastlands. Je, mtoto atazaliwa akiwa mzima? Ni kweli kwamba mama wa umri huo huzaa watoto wenye kasoro? Kuna kipimo kinachoweza kumwambia mapema? Na akiambiwa jambo asilopenda kusikia, atalifanyia nini?

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa utaratibu, kwa sababu katika suala hili kuna wanaotishwa bure, na kuna wanaopuuza hatari iliyo karibu nao huku wakihofia ile iliyo mbali.

Kwa nini umri huzingatiwa

Mwanamume hutengeneza mbegu mpya za uzazi karibu maisha yake yote. Mwanamke hayuko hivyo. Huzaliwa akiwa na mayai yake yote, na hakuna mengine yatakayoongezwa baadaye. Hii ina maana kwamba yai linalotunga mimba mama akiwa na miaka 41 limekaa mwilini kwa zaidi ya miaka 41.

Ndani ya kila yai kuna kromosomu, yaani nyuzi ndogo sana zinazobeba maagizo ya urithi. Kwa kawaida binadamu huwa na kromosomu 46, nusu akizipata kwa mama na nusu kwa baba. Yai linapokomaa, jozi za kromosomu hutengana ili ibaki moja kutoka kila jozi. Kadiri yai linavyozeeka, ndivyo utengano huo unavyoweza kukosea, kromosomu mbili zikabaki pamoja mahali palipostahili moja.

Kosa hilo likitokea katika kromosomu nambari 21, mtoto huwa na tatu badala ya mbili. Hali hiyo huitwa hali ya Down, kutokana na jina la daktari Mwingereza John Langdon Down aliyeieleza mwaka wa 1866. Hata hivyo, chanzo chake hakikujulikana hadi 1959, watafiti wa Ufaransa walipoitambua kromosomu hiyo ya ziada. Yapo makosa mengine ya namna hiyo, hasa katika kromosomu nambari 18 na nambari 13, ambayo hutokea kwa nadra zaidi lakini huwa mazito zaidi. Watoto wengi wenye hali hizo mbili hufariki kabla ya kuzaliwa au katika mwaka wa kwanza.

Uwezekano wenyewe ni kiasi gani? Kwa mama anayejifungua akiwa na miaka 20, ni takriban mtoto mmoja kati ya 1,500. Akiwa na miaka 30, ni mmoja kati ya 900 hivi. Akifika 35, ni mmoja kati ya 350. Akiwa na 40, ni mmoja kati ya 100, na akiwa na 45, ni mmoja kati ya 30.

Takwimu hizo zaweza kutazamwa kwa pande mbili. Ni kweli kwamba uwezekano huongezeka kwa kasi baada ya miaka 35. Lakini pia ni kweli kwamba kati ya akina mama 100 wanaojifungua wakiwa na miaka 40, takriban 99 hupata watoto wasio na hali ya Down. Isitoshe, watoto wengi wenye hali hiyo huzaliwa na akina mama walio chini ya miaka 35, kwa sababu hao ndio wanaozaa watoto wengi zaidi. Kwa hivyo miaka 35 haifai kuchukuliwa kuwa mpaka ambao mtu akiuvuka huingia hatarini ghafla.

La muhimu kwa familia kufahamu ni kwamba kosa hilo la kromosomu halisababishwi na laana, kijicho cha jirani, wala jambo alilofanya au alilokula mama. Aidha, si haki kumtwika mama lawama zote, kwa kuwa umri wa baba nao huchangia kasoro nyingine za urithi.

Hatari iliyo karibu zaidi

Mama mwenye umri mkubwa anapozungumziwa, mawazo ya wengi hukimbilia kasoro za mtoto. Lakini kwa mama wa Kiamaiko, kinachoweza kumuua yeye au mtoto wake mara nyingi ni maradhi ya kawaida zaidi, tena yanayopimwa kwa vifaa vilivyomo katika kituo chochote cha afya.

La kwanza ni shinikizo la damu. Mama aliyepita miaka 35, na hasa 40, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupandwa na presha akiwa mjamzito, hali inayoweza kuishia katika kifafa cha mimba. Presha hiyo yaweza kupanda bila mama kuhisi lolote. Ndiyo maana hupimwa kila anapohudhuria kliniki, pamoja na mkojo ili kuona iwapo una protini.

Daktari akiona mama yumo katika hatari, aweza kumwagiza ameze aspirini ya kiwango cha chini kila siku, kuanzia mwishoni mwa miezi mitatu ya kwanza. Dawa hiyo ya bei nafuu hupunguza uwezekano wa kupata maradhi hayo, lakini hufanya kazi vyema ikianzwa kabla ya wiki ya 20. Mama anayefika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi saba huwa ameikosa nafasi hiyo. Haifai mtu kujinunulia dukani na kuimeza bila kuagizwa.

La pili ni kisukari cha mimba. Kati ya wiki ya 24 na ya 28, mama hunyweshwa maji yenye glukosi kisha damu yake ikapimwa ili kuona jinsi mwili unavyoikabili sukari. Mwenye umri mkubwa, uzito mwingi au jamaa wa karibu wanaougua kisukari hufaa kupimwa hata mapema zaidi. Kisukari kisipodhibitiwa, mtoto hunenepa kupita kiasi tumboni, kujifungua kukawa kugumu, na wakati mwingine mtoto akafia tumboni.

Mengine ni kiwango cha damu mwilini, kundi la damu, virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini aina ya B. Kaswende hutibiwa kwa sindano na kumwokoa mtoto. Mama mwenye virusi vya Ukimwi akitumia dawa ipasavyo, uwezekano wa kumwambukiza mtoto hupungua mno.

Umuhimu wa vipimo hivi unadhihirika katika takwimu za kitaifa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba akina mama 355 walifariki kutokana na uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Nao Utafiti wa Hali ya Afya na Idadi ya Watu wa 2022 ulibaini kwamba asilimia 98 ya akina mama waliojifungua walihudumiwa angalau mara moja na mhudumu aliyehitimu wakati wa ujauzito, lakini ni asilimia 66 tu waliofika kliniki mara nne au zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likipendekeza tangu 2016 kwamba mama ahudumiwe mara nane au zaidi, mara ya kwanza ikiwa kabla ya wiki 12 kuisha.

Wingu si mvua

Tukigeukia sasa vipimo vya kumchunguza mtoto mwenyewe, kuna jambo moja ambalo mama akilielewa atajiepusha na machozi mengi. Vipimo hivi ni vya aina mbili, na kazi zake ni tofauti.

Aina ya kwanza ni vipimo vya kukadiria. Hivi haviwezi kusema mtoto ana hali fulani au hana. Hueleza tu iwapo uwezekano ni mkubwa au ni mdogo. Aina ya pili ni vipimo vya kuthibitisha, vinavyochunguza kromosomu za mtoto moja kwa moja.

Wingu jeusi ni dalili ya mvua, lakini si mvua. Anayeliona huanika nguo zake kwa tahadhari, hazichomi moto. Vivyo hivyo, mama aliyeambiwa kwamba kipimo cha kukadiria kimeonyesha uwezekano mkubwa hajaambiwa kwamba mtoto wake ana kasoro. Ameambiwa kwamba kuna sababu ya kuchunguza zaidi. Naye aliyeambiwa uwezekano ni mdogo hajapewa hakikisho kamili.

Skani na mipaka yake

Kipimo cha mtoto kinachojulikana zaidi ni skani, yaani picha inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Teknolojia hii, iliyoanza kutumika katika uzazi mjini Glasgow, Uskochi, miaka ya 1950, haitumii miale kama ile ya eksirei, hivyo hutumiwa kwa waja wazito bila wasiwasi wa miale.

Kwa mama aliyevuka miaka 35, skani hufaa katika vipindi viwili. Cha kwanza ni kati ya wiki ya 11 na ya 14. Hapo huhakikishwa umri wa mimba, idadi ya watoto (mapacha huwa wengi zaidi kadiri umri wa mama unavyosonga), na iwapo mtoto yu hai. Jambo hili la mwisho si dogo, maana mama anapofika miaka 40 takriban thuluthi moja ya mimba huharibika, nyingi zikiwa katika wiki za mwanzo.

Katika kipindi hicho hicho, mtaalamu aweza kupima unene wa maji yaliyo chini ya ngozi ya shingo ya mtoto, upande wa nyuma. Maji hayo yakizidi kiasi, uwezekano wa hali ya Down au kasoro za moyo huongezeka. Kipimo hicho kikiunganishwa na uchunguzi wa kemikali mbili katika damu ya mama, pamoja na umri wake, huweza kugundua takriban mimba 85 hadi 90 kati ya kila 100 zenye hali ya Down. Hata hivyo, hutia wasiwasi pia akina mama watano hivi kati ya kila 100 ambao watoto wao hawana tatizo lolote.

Kipindi cha pili ni kati ya wiki ya 18 na ya 22. Hapa mtaalamu hukagua viungo kimoja baada ya kingine: ubongo, uti wa mgongo, moyo, tumbo, figo, mikono na miguu. WHO inapendekeza kila mama apigwe skani angalau mara moja kabla ya wiki ya 24.

Lakini skani zote si sawa. Vyumba vingi vya skani mitaani hufanya kazi ya haraka: kumwambia mama tarehe ya kujifungua, jinsi mtoto alivyolala, na pengine kama ni mvulana au msichana. Hiyo si skani ya kukagua viungo, na mama hafai kuondoka akidhani mtoto amekaguliwa kila sehemu. Anapolipa, na aulize waziwazi: hii ni skani ya nini? Viungo vimekaguliwa? Ripoti iko wapi? Hata ikifanywa na mtaalamu hodari, skani haioni kila kitu, na watoto wengi wenye hali ya Down huonekana kawaida kabisa katika picha.

Kutazama damu ya mama

Mnamo 1997, Profesa Dennis Lo wa Hong Kong na wenzake walitangaza kwamba vipande vya DNA ya mtoto huelea katika damu ya mama. Ugunduzi huo ndio uliozaa kipimo cha kisasa cha damu, kilichoanza kuuzwa katika nchi tajiri mwaka wa 2011. Mama hutolewa damu mkononi kuanzia wiki ya 10, na maabara huhesabu vipande vya kromosomu nambari 21, 18 na 13. Mtoto haguswi.

Kipimo hiki hugundua takriban asilimia 99 ya mimba zenye hali ya Down. Bado, hiki nacho ni cha kukadiria, na maana ya jibu lake hutegemea umri wa mama.

Tuwachukue akina mama 1,000 wa miaka 40. Kumi hivi kati yao watakuwa na mtoto mwenye hali ya Down, na kipimo kitawatambua karibu wote. Kwa kuwa hukosea takriban mara moja kwa kila mimba 1,000 zisizo na tatizo, mama mmoja zaidi atatiwa hofu bure. Kwa hivyo kati ya 11 walioambiwa kuna tatizo, 10 wanalo kweli. Lakini tukichukua akina mama 10,000 wa miaka 25, wenye tatizo watakuwa wanane hivi, ilhali waliotishwa bure watakuwa 10. Kipimo ni kile kile, lakini jibu la kwamba kuna tatizo huwa na uzito tofauti kwa mama wa miaka 40 na kwa wa miaka 25.

Nchini Kenya, kipimo hiki hutolewa na hospitali na maabara za kibinafsi, na mara nyingi damu husafirishwa ng'ambo. Gharama yake hufika makumi ya maelfu ya shilingi. Kwa mama anayeishi kwa mauzo ya kila siku, hizo ni fedha zinazoweza kulipa kodi ya nyumba kwa miezi kadhaa. Ni muhimu ajue kwamba kukikosa kipimo hiki si kumtelekeza mtoto wake. Akilazimika kuchagua, presha, sukari, damu, kaswende, Ukimwi na skani nzuri ya wiki ya 18 hadi 22 vitangulie.

Sindano ya maji ya uzazi

Ili kuthibitisha, sharti ipatikane sehemu ya chembe za mtoto mwenyewe. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kipande kidogo cha kondo la nyuma kati ya wiki ya 11 na ya 14. Ya pili, inayotumika zaidi, ni kuchota maji kidogo yanayomzunguka mtoto kuanzia wiki ya 15. Daktari huingiza sindano nyembamba kupitia tumbo la mama huku akiiongoza kwa skani ili isimguse mtoto.

Majibu ya njia hizi ni ya kutegemewa mno, ingawa kukamilika kwake huweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Ubaya wake ni kwamba katika mikono ya daktari mzoefu, mimba moja hivi kati ya 200, au pungufu ya hapo, huharibika kutokana na utaratibu huo. Ndiyo maana haufanywi ovyo kwa kila mama aliyevuka miaka 35 kama ilivyokuwa desturi katika nchi nyingi za Magharibi miongo iliyopita. Siku hizi hupendekezwa hasa baada ya kipimo cha kukadiria au skani kuonyesha dalili.

Mama mwenye kundi la damu hasi huhitaji sindano maalumu baada ya utaratibu huo ili mwili wake usishambulie damu ya mtoto. Mwenye virusi vya Ukimwi hufaa kuhakikisha kwanza kwamba dawa zimevidhibiti virusi. Jijini Nairobi, kazi hii hufanywa na madaktari waliobobea katika tiba ya mtoto aliye tumboni, wanaopatikana katika hospitali kubwa kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Yasiyohusiana na umri

Zipo kasoro ambazo hazijali umri wa mama. Mojawapo ni mgongo wazi, unaotokea mfereji wa uti wa mgongo unaposhindwa kujifunga. Mfereji huo hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo akina mama wengi hata hawajui kwamba ni wajawazito. Kinga yake ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, ikianzwa kabla ya kushika mimba na kuendelea kwa wiki 12 za kwanza.

Tangu 2012, sheria ya Kenya inazitaka kampuni zinazosaga na kupakia unga wa mahindi na ngano ziongeze madini na vitamini, foliki ikiwemo. Lakini familia nyingi za Eastlands hununua unga wa kusagwa mtaani, ambao kwa kawaida hauongezwi chochote. Kwao, tembe za kliniki ni muhimu maradufu. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo huhitaji kiwango kikubwa zaidi, atakachopewa na daktari.

Nyingine ni ugonjwa wa selimundu, unaopatikana zaidi kwa familia zenye asili ya Magharibi ya Kenya, Nyanza na Pwani. Baba na mama wakiwa wote wamebeba chembe ya ugonjwa huo, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kupata mtoto mgonjwa. Wazazi hujua hali yao kwa kupimwa damu tu.

Kisha kuna hatari itokanayo na kazi. Mama anayeshughulika na mifugo na nyama mbichi, kama ilivyo kawaida Kiamaiko, yumo katika uwezekano wa kuambukizwa brusela na toksoplasima, maradhi yanayoweza kuharibu mimba au kumdhuru mtoto. Asaidiapo kuosha matumbo, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Asishike kondo wala mizoga ya vitoto vya mbuzi vilivyotupwa. Ale nyama iliyoiva na anywe maziwa yaliyochemshwa. Akiwa na homa isiyoisha, amweleze mhudumu kazi anayoifanya, kwani bila kudokezewa, huenda akadhaniwa ana malaria au homa ya matumbo pekee.

Kuna faida gani kujua?

Wapo watakaouliza: ikiwa mimi sitaitoa mimba hii kwa vyovyote, ya nini kujisumbua? Katika mtaa ambako msikiti na kanisa vina sauti kubwa, swali hilo ni halali na linastahili jibu la heshima.

Jibu ni kwamba kujua mapema huweza kuokoa maisha ya mtoto huyo huyo anayetakiwa. Takriban nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi hurekebishika kwa upasuaji zikigunduliwa kwa wakati. Mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kilichojaa maji hufaa kuzaliwa katika hospitali yenye wataalamu na kufikishwa haraka kwa madaktari wa upasuaji wa watoto, kama wale wa BethanyKids katika hospitali ya Kijabe. Mzazi akijua kabla, hupanga nauli, pa kujifungulia na wa kumwachia watoto wengine. Asipojua, huenda akazaa usiku nyumbani na kutwa nzima ikapotea akitafuta usaidizi.

Kujua pia huipa familia muda wa kukubali. Watu wengi wenye hali ya Down hujifunza kuzungumza, kwenda shule na kufanya kazi, na katika nchi zenye huduma bora wastani wa umri wao ni takriban miaka 60. Nchini, kuna Chama cha Hali ya Down kinachowaunganisha wazazi, nalo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwasajili ili wanufaike na haki zilizomo katika Kifungu cha 54 cha Katiba. Siku ya kimataifa ya kuwatambua huadhimishwa Machi 21 kila mwaka.

Hata hivyo, mama ana haki ya kukataa vipimo vya kromosomu, na hafai kukaripiwa kwa uamuzi huo. Kupima kunahitaji idhini yake, si ya mumewe wala mama mkwe, ingawa ni vyema wakashauriana.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa. Kinakataza utoaji mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Kasoro ya mtoto haikutajwa yenyewe kuwa sababu. Ni muhimu mama afahamu hivyo kabla ya kupimwa, na asikubali kuvutwa hadi vyumba vya uchochoroni na watu wanaomwahidi suluhisho la haraka. Akiwa na majibu mazito, pa kwenda ni kwa daktari wa uzazi, ambaye ana wajibu wa kumweleza hali yake na ya mtoto.

Pa kuanzia

Mama wa mfano wetu hahitaji kuanzia hospitali kubwa. Aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na kitambulisho na rekodi za uzazi uliotangulia. Hapo atapewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho hafai kukitupa wala kukiacha nyumbani. Kwa sababu ya umri wake, aombe barua ya kumwelekeza kwa daktari wa uzazi, iwe ni katika Hospitali ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka wa 1926, au Mama Lucy Kibaki, ambayo hufikika kupitia Outering Road.

Mpango wa Linda Mama ulioendeshwa na NHIF haupo tena kwa sura ile ya zamani, kwani tangu Oktoba 2024 majukumu hayo yamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Ni heri mama ajisajili na kulipa mchango wake mapema, badala ya kungoja uchungu uanze, na aulize ni vipimo gani vinavyolipiwa na vipi atavigharamia mwenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba hadi nyumba, waliopewa vifaa na serikali mwaka wa 2023, wanaweza pia kumpima presha na sukari mlangoni pake.

Kati ya kliniki moja na nyingine, kuna dalili zisizongoja tarehe: kuumwa sana na kichwa, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, maumivu makali juu ya tumbo, kutokwa na damu, maji kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza. Akiona mojawapo, aende hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wengine huona haya kwenda kliniki wakiwa na watoto wakubwa, wakihofia kuchekwa na wasichana wa umri wa binti zao waliopanga foleni. Wengine hupunguza miaka yao wanapoulizwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mkunga anayemhudumia hawezi kupanga vipimo vya mama wa miaka 41 ikiwa ameandika katika kijitabu kwamba ana miaka 34. Kwa mama aliyegundua leo kwamba ana mimba ya wiki tisa, skani ya kwanza imebakisha wiki mbili, na muda wa kuanza aspirini, iwapo ataihitaji, haujampita. Akienda kesho asubuhi, baada ya kuuza matumbo yake, bado hajachelewa.